Maswali ya Wasomaji: DHL ilianza kwa kubeba karatasi

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu ni wakala wa forodha hapa Mombasa, naye anasisitiza kwamba DHL, kabla haijajulikana kwa vifurushi, ilikuwa ikibeba makaratasi ya meli tu. Je, ni kweli? Na herufi hizo tatu zina maana gani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mjomba wako amesema kweli, na si ajabu kwamba habari hiyo umeipata kwa mtu wa forodha. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1969 mjini San Francisco, Marekani, na Adrian Dalsey, Larry Hillblom na Robert Lynn, na herufi hizo zimetokana na majina yao ya ukoo. Hillblom alikuwa amesomea sheria, na wakati wa masomo alikuwa akijipatia fedha kwa kazi ya utarishi.

Njia yao ya kwanza ilikuwa ya kutoka San Francisco hadi Honolulu, Hawaii. Siku hizo meli iliweza kufika bandarini na shehena yake, kisha ikakaa ikisubiri hati zipitiwe na maofisa wa forodha, na kila siku ya kusubiri ilimgharimu mwenye meli na mwenye mali pia. Waanzilishi hao walichukua hati za shehena, wakazitia katika mabegi yao ya safari, wakapanda ndege ya abiria kama msafiri mwingine yeyote, na kuzikabidhi Honolulu kabla meli haijatia nanga, ili taratibu za forodha zianze mapema na mzigo utolewe bila kukawia. Hawakuhitaji kuwa na ndege yao wenyewe, kwa maana mteja alilipia siku alizookoa. Yeyote aliyewahi kulipia gharama za kontena lililokwama bandarini ataelewa mara moja kwa nini wateja walijitokeza.

Kutoka Hawaii biashara ilivuka Pasifiki hadi Asia, na mwaka 1978 ikaingia Afrika. Hillblom alifariki mwaka 1995 katika ajali ya ndege ndogo karibu na Saipan. Kufikia mwisho wa mwaka 2002 kampuni yote ilikuwa mikononi mwa Deutsche Post, shirika la posta la Ujerumani, na makao makuu sasa yako Bonn. Mbali na vifurushi vya haraka, inasafirisha shehena kwa meli, ndege na malori, na kuendesha maghala ya kampuni nyingine.

SWALI: Ndugu yangu aliyeko Uingereza alinitumia kifuniko cha taa kupitia kampuni moja ya vifurushi. Sanduku lilikuwa jepesi, lakini alitozwa nauli ya kilo nyingi, nami nilipokwenda kulichukua nikadaiwa ushuru. Je, huu si wizi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si wizi, ingawa naelewa hasira yako. Nafasi ndani ya ndege ni chache, na mzigo mwepesi wenye umbo kubwa huijaza kama mzigo mzito. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hukokotoa pia uzito wa ujazo: huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000, na nauli hufuata uzito ulio mkubwa zaidi. Sanduku la sentimita 50 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kuwa la kilo 16 hata kama mizani inaonyesha kilo 3. Kuhusu ushuru, huo ni wa serikali. Mara nyingi kampuni huulipa kwanza kwa niaba yako, kisha hukudai pamoja na ada yake ya huduma. Kwa maoni yangu, karani anapaswa kuyaeleza yote mawili kabla hajapokea fedha. Safari ijayo, ndugu yako aulize mapema nani atalipa ushuru, na achague sanduku linaloubana mzigo vizuri.

SWALI: Je, ni kweli kwamba DHL ilirusha droni hadi Ukerewe? Naweza kutumia njia hiyo kumpelekea bibi mzigo? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ni kweli, lakini mzigo wa bibi utafute chombo kingine. Mwaka 2018 DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, na kampuni ya droni ya Wingcopter walitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kisiwani. Droni hiyo ilipaa wima kama helikopta, kisha ikaruka kama ndege ya kawaida, ikimaliza kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa wastani wa dakika 40, ilhali njia ya barabara ni ya kilomita zipatazo 240 na huchukua saa sita. Aidha, iliweza kurudi na sampuli za damu kwa ajili ya maabara, jambo ambalo kwa mganga wa kisiwani lina uzito kuliko hiyo kasi. Hata hivyo, yalikuwa majaribio ya dawa na vipimo, na kaunta ya kupokea vifurushi vya watu binafsi haikuwapo. Kwenda Nansio, mji wa Ukerewe, tumia kivuko.