Mtoto akihama, gharama zinabaki

Ndugu yangu, umeuliza kama shule za chata kule Marekani zinaumiza shule za umma za mtaani. Zinaweza, na zinaumizia zaidi kwenye hela. Chata inalipiwa na kodi ya wananchi lakini inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba. Jimbo la Minnesota ndilo lilitangulia kutunga sheria ya kuruhusu shule hizo, 1991.

Jimbo la Pennsylvania, wilaya ya shule za umma ndiyo inalipia kila mtoto anayehamia chata. Sasa chukua darasa la watoto 28, waondoke 3. Mwalimu ni yuleyule, basi ni lilelile, paa linavuja vilevile, ila hela ya wale 3 imeshaondoka. Philadelphia, jiji la jimbo hilohilo, mwaka 2013 waliamua kufunga shule 23, na wanafunzi kuhamia chata ilikuwa sababu mojawapo.

Lakini tusiwalaumu wazazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2015 uliona watoto wa chata za mijini wakiwatangulia wenzao, hasa kwenye hesabu. Mzazi akiona hivyo, utamwambia nini?

Inayoniuma zaidi ni jiji la New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina, 2005, walimu na wafanyakazi wengine wa shule wapatao 7,000 walipoteza kazi, wengi wao weusi, na mwishowe karibu shule zote zikawa chata. Alama zilipanda, hilo ni kweli. Ila watoto wengi wakawa wanaamka gizani kupanda basi kuvuka jiji, wakiipita shule iliyo jirani na kwao.