Kuhusu huyo meneja "asiyekuwepo"

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na babako akausoma tena kwa sauti mpaka jirani wakasikia. Unauliza kama ni dhambi kumwambia mtu kwamba meneja hayupo, hali yumo ndani anakunywa chai, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuagiza, na wewe kazi yako ni kukaa mapokezi. Mathayo 5:37 uliikariri ungali mdogo: ndiyo yenu iwe ndiyo. Hapo sina la kuongeza. Ninachotaka kujua ni hao wanaoambiwa hayupo ni akina nani. Umeandika ni wenye malori, wanadai pesa zao. Basi kuna mtu katoka Mariakani kwa nauli yake, na kesho atapanda matatu tena. Mimi nasema siku zote, kweli hulipiwa taslimu. Uongo nao hulipiwa, ila anayelipa huwa ni mwingine.

Ukaniletea babu yako mawazoni. Unajua alikuwa mgema, lakini la uzee wa kanisa sidhani niliwahi kukueleza lote. Walikuwa wanachagua wazee, nami nilikuwa darasa la sita. Mchungaji akawasimamisha wanaume wanne mbele ya watu, kila mmoja aseme kazi yake. Watatu wakasema, "Mkulima." Wote watatu walikuwa wakikwea minazi kugema asubuhi na jioni kama yeye, na Ganda nzima ilijua. Babu yako akasema, "Mgema." Watu wakacheka. Si kicheko cha furaha, mwanangu. Jina lake likakatwa palepale, na kiti akapewa mtu aliyekuwa akinunua tembo kwake Jumamosi na kwenda kuliuza Malindi mjini.

Tembo lilelile! Na ndilo lililopelekwa kwa wazee kila msichana alipoposwa, wa hao waliocheka wakiwemo. Ada yangu ya shule ilitoka juu ya minazi ile. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye alisifiwa mpaka Kakuyuni na hakutia.

Hasira yangu mimi ilikuwa kwake, si kwa mchungaji. Si angesema mkulima tu? Shamba lilikuwa lake, mihogo alilima, mahindi alilima. Isingekuwa uongo. Nilimwambia hivyo tukiwa njiani kurudi, akanijibu, "Niliulizwa kazi, sikuulizwa shamba." Basi. Jumapili iliyofuata akaenda kanisani, akakaa benchi la nyuma, na hapo ndipo alipokaa mpaka mwisho.

Sasa babako ananiambia wewe si babu yako. Yeye alikuwa na minazi yake, hakuna wa kumfukuza. Wewe una mshahara wa mtu na kodi ya nyumba huko Mombasa. Ni kweli. Tena ananikumbusha Rahabu, aliyewaficha wapelelezi akasema wamekwenda zao. Nikafungua Waebrania 11: anasifiwa kwa imani yake na kwa kuwapokea wapelelezi kwa amani. Yale maneno aliyowaambia watu wa mfalme hayakutajwa. Halafu Rahabu alikuwa anaokoa roho za watu. Meneja wako anaokoa nini, chai yake isipoe?

Lakini nimemwahidi babako sitakuamulia. Una akili zako, na njaa haina shemeji. Kuna saa nadhani babu yako alijikosesha heshima bure, na kuna saa nikiwaona wajukuu wa yule aliyepewa kiti... hapana, hilo niliache. Kweli hulipiwa taslimu, na mimi sijui mfukoni mwako kuna kiasi gani.

Ila hebu muulize meneja wako, kwa adabu, kama unaweza kusema "yupo ila hawezi kukuona leo" badala ya "hayupo". Kisha uniandikie alivyokujibu, neno kwa neno.

Mamako