Kwa baba wa Lamu anayepiga hesabu usiku
Pole sana, mwalimu. Umesema malaria ilimchukua mwanao, na kila usiku unajiuliza: boti ya kumpeleka hospitali ingewahi kwa muda wa saa tatu, je, angepona? Na hitimani "kazi ya Mungu haina makosa" ilikuudhi, ukaona haya.

Nami nilizika binti. Daftari nililoandikia joto lake nililisoma hadi likachanika, halikunijibu. Mwenzetu Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alifiwa na binti yake Annie, miaka 10, mwaka 1851. Baada ya wiki moja aliandika Annie alivyokuwa: akishuka ngazi mbio na tumbaku ya kunusa aliyoiiba ili ampe babake. Andika hayo.

Maswali ya tiba mpelekee daktari, mara moja, usiende peke yako. Mama wa mtoto usimpe takwimu, kaa naye tu. Ukitamani kumfuata mwanao, usingoje kuche: mwamshe mtu, mwende hospitali.