Huongei na Spotify, Unaongea na Msambazaji Wako

Juzi kijana mmoja wa Tanga kaniandikia: "Kaka, wimbo uko kila mahali, watu wanausikiliza, mbona hela sizioni?"

Mdogo wangu, bei ya wimbo wako ilishapangwa kabla hujaingia studio. Universal, Sony na Warner, zile lebo tatu kubwa za dunia, hukaa mezani na Spotify wenyewe, maana bila nyimbo zao programu ile nani ataifungua? Mkataba wa Sony wa 2011, uliovuja 2015, ulikuwa na malipo ya awali kutoka Spotify ya hadi dola milioni 42.5 kwa miaka mitatu. Na wakikosana na mtu hubeba mzigo wao: mwanzoni mwa 2024 Universal iliondoa muziki wake TikTok, ukarudi Mei baada ya mkataba mpya. Wewe ukiondoa wimbo wako, nani atashtuka? Tena tangu 2024, Spotify hailipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Kwa hiyo pambana pale panapofikika, kwa msambazaji, yule anayepeleka nyimbo zako Spotify na kwingineko na kukukusanyia malipo. Wangu wa kwanza, simtaji, alikuwa akikata asilimia 30. Ripoti ilikuja WhatsApp, picha ya jedwali lisilo na nchi wala mwezi, na chini kabisa mstari umeandikwa "makato mengine". Makato gani? Ukiuliza, kimya. Inaniuma hadi leo, kwa sababu nyimbo zile ndizo zilizokuwa zikipigwa kwenye kila daladala ya Mbagala.

Nikawakusanya wenzangu, wa singeli, wa taarabu, hadi wa injili. Tukaandika orodha moja ya nyimbo zetu zote, tukamfuata ofisini: ama tuongee upya, ama tunahama wote. Makato yakashuka hadi 15, ripoti zikaanza kuja kwa nchi na kwa mwezi. Najivunia siku ile kuliko shoo yoyote niliyowahi kupiga. Hata lebo huru za nje hufanya hivyo, tangu 2008 zina Merlin inayoongea na majukwaa kwa niaba yao.

Acheni kusaini peke yenu, jamani! Ungana na wenzako, soma kipengele cha kuvunja mkataba kabla ya kile cha asilimia, dai ripoti kamili. Na ukihama, ondoka na namba zako za ISRC, zile zinazoitambulisha kila rekodi. Ukipandisha rekodi ileile kwa namba zilezile, mara nyingi hesabu ya wasikilizaji haipotei.