Umeuliza kama ukutubi una kesho: jibu la aliyekaa dawatini miaka 16

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama kuna maana ya kumaliza shahada ya ukutubi wakati wenzako wote wanaiuliza akili mnemba na kujibiwa papo hapo. La pili, ukimaliza, utafiti wako wa mwisho uwe juu ya nini. Nimekaa kwenye dawati la rejea, pale wasomaji wa maktaba huja kuuliza, miaka 16, na kabla ya hapo nilifanya kazi miaka 3 kwenye chumba cha uorodheshaji, pale rekodi za vitabu huandikwa. Nitakujibu kwa niliyoyaona, na nitaandika kirefu kwa sababu swali lako linanigusa.

Muhula uliopita mwanafunzi wa uzamili alinijia na karatasi yenye marejeo 14. Alikuwa ameyatafuta siku mbili bila mafanikio na alidhani tatizo ni usajili wa majarida yetu. Orodha ilikuwa safi kabisa: waandishi, mwaka, jina la jarida, juzuu, toleo, kurasa, na mwishoni DOI, ile nambari ya kudumu ya makala. Nikaanza na la kwanza. DOI yake ikanipeleka kwenye makala ya kemia ya udongo, na yeye anaandika kuhusu afya ya wajawazito. La pili, DOI haipo. La tatu lilinichukua muda zaidi, kwa sababu mwandishi yupo, jarida lipo, na juzuu lipo. Nikalifungua juzuu lenyewe na kwenda kwenye kurasa zilizotajwa, 211 hadi 228. Nikakuta makala moja inaishia ukurasa wa 219 na nyingine inaanzia 220, na hakuna kati ya hizo mbili yenye kichwa alichonipa.

Tulikaa saa moja na nusu. Kati ya 14, yaliyokuwepo kweli yalikuwa 5, na katika hayo 5 kulikuwa na makala iliyosema kinyume cha kile alichodai inasema. Nikamuuliza kwa upole ameyapata wapi. Akanyamaza, halafu akanitajia programu ya akili mnemba.

Mwanafunzi yule hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa amesoma, ameandika, na amechoka. Aliamini kwamba kitu chenye juzuu na kurasa lazima kiwe kimechapishwa mahali, kwa sababu maisha yake yote ndivyo ilivyokuwa. Mashine za namna hii zimefunzwa kukisia neno gani hufuata neno gani, kwa hiyo zimejifunza pia sura ya marejeo: jina, mwaka, nambari, nukta. Kuijua sura ya marejeo hakumaanishi zimeenda rafuni kuangalia kama kitu chenyewe kipo. Na waliokwama hapa si wanafunzi peke yao. Mwaka 2023 jijini New York mawakili walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwepo, wakatozwa faini ya dola 5,000.

Siku hizi nyingi za mashine hizo zimeunganishwa na utafutaji wa mtandaoni, na marejeo yasiyokuwepo kabisa nayaona kwa uchache zaidi kuliko mwanzo. Kosa limehamia pengine. Chanzo kipo, kiungo kinafunguka, ila hakisemi kile kilichodaiwa. Hilo ni gumu zaidi kulinasa, kwa maana mtu akishaona kiungo kinafunguka huridhika na kuendelea. Dawa yake ni kuifungua makala, kwenda kwenye ukurasa husika, na kuusoma.

Kwa hiyo nikiulizwa kazi yetu ni nini, sisemi kutunza vitabu. Kazi yetu ni kuilinda njia inayotoka kwenye dai hadi kwenye chanzo chake, ili mtu mwingine aweze kuipita tena kesho akafika palepale. Katalogi ni sehemu ya njia hiyo. DOI, inayotumika tangu mwaka 2000, ni sehemu yake. ORCID, nambari ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti asichanganywe na mwenye jina kama lake, iliyoanza 2012, nayo ni sehemu yake. Kadiri maandishi yasiyo na asili yanavyoongezeka, njia hiyo inahitaji walinzi wengi zaidi. Kwa hiyo usihame.

Sasa nikuambie kuhusu dawati, maana wengi hudhani pale mtu anauliza na wewe unajibu. Robert Taylor, mtaalamu wa fani yetu, aliandika mwaka 1968 kwamba swali lina ngazi nne: haja ambayo mtu anaisikia ndani bila kuweza kuitamka, kisha anayoitambua, kisha anayoweza kuieleza, na mwisho ile anayoileta dawatini baada ya kuipunguza ilingane na kile anachodhani maktaba inacho. Hii ya mwisho ndiyo unayoisikia. Nilisoma hayo chuoni nikayakariri kwa ajili ya mtihani. Niliyaelewa siku mzee mmoja aliponijia akiuliza kama tuna vitabu vya kujifunza Kihispania.

Tulikuwa navyo, na ningeweza kumpeleka rafuni moja kwa moja. Nikamuuliza, "Mzee wangu, ukishakipata kitabu, unataka kikusaidie kufanya nini?" Akatoa bahasha mfukoni. Ndani kulikuwa na barua tatu za marehemu baba yake, karatasi zimekuwa za njano kwenye mikunjo, mwandiko wa kalamu ya wino. Alitaka kujua baba yake alikuwa anamwandikia nani. Nikaziangalia, nikaona alama ya kiwimbi juu ya herufi a, na neno "não" limerudiwa mara kadhaa. Haikuwa Kihispania, ilikuwa Kireno. Na kitabu cha kujifunza lugha kisingemfaa hata kingekuwa cha Kireno. Alihitaji mtu wa kuusoma mwandiko ule pamoja naye, na mtu huyo tulimpata katika idara ya lugha. Angeiandikia mashine swali lake lilivyokuwa, angepewa orodha nzuri ya vitabu vya Kihispania. Ukiipa barua yenyewe inaweza kuitambua lugha, sikatai. Lakini barua ilikuwa mfukoni, na ilitoka kwa sababu aliulizwa.

Carol Kuhlthau, mtafiti wa namna watu wanavyotafuta habari, ambaye utafiti wake ulianzia kwa wanafunzi wa sekondari, alionyesha jambo lingine ambalo nalitumia kila wiki: wasiwasi wa mtafutaji haupungui anapoanza kupekua habari, unapanda. Mtu amechagua mada, ana furaha, halafu anakutana na vyanzo vinavyopingana na kujiona mjinga. Hapo ndipo wengi hukimbilia jibu moja lililonyooka. Mimi huwaambia waziwazi kwamba wamefika hatua ya kawaida ya kazi, na naona mabega yao yakishuka.

Uorodheshaji nao usiudharau, hata kama mwalimu wako anaufundisha kwa kukuimbisha nambari za uga, yaani visehemu vya rekodi ya kitabu. Muundo wa MARC, wa kuandika rekodi hizo zisomwe na kompyuta, ambao bado unaendesha katalogi nyingi duniani ulibuniwa miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram, aliyeingia Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, akiwa mtaalamu wa kompyuta, si mkutubi. Uga wa 245 ni kichwa cha kitabu, 650 ni mada. Nilipokuwa chumba kile nilikutana na kitabu cha ufugaji wa nyuki ambacho hakikuwa kimeazimwa kwa miaka 9. Nikafungua rekodi yake. Mtu aliyeiandika alikuwa amekipa mada ya wadudu waharibifu, basi. Aliyetafuta habari za asali hakukiona, na aliyetafuta dawa ya viwavi alikiona akakipita. Nikarekebisha uga wa 650, nikaongeza mada ya asali na ya ufugaji nyuki. Ndani ya mwaka kiliazimwa mara sita. Hakikuhamishwa hata hatua moja kutoka pale kilipokuwa kimekaa.

Na mada hizo zina uzito kwa watu pia. Mwaka 2014 wanafunzi wa chuo cha Dartmouth walianza kudai kwamba Library of Congress iache kutumia kichwa cha mada kilichowaita wahamiaji wasio na vibali "wageni haramu". Mwaka 2016 maktaba hiyo ikatangaza itakibadilisha, wabunge wa Marekani wakaingilia, na mabadiliko yakaja 2021. Miaka 7 kwa maneno mawili katika uga mmoja. Ukijua kwamba rekodi hizo zinanakiliwa na maktaba kila kona ya dunia, utaelewa kwa nini watu walipigania.

Kuhusu uhifadhi nitapita haraka, ila usisahau. Kituo cha utafiti cha Pew kilipima mwaka 2024 na kukuta kuwa asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo 2013 hazifunguki tena. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na katalogi yake kuu haikurudi hadi Januari 2024. Vitabu vilikuwa salama ghalani muda wote huo, lakini njia ya kuvifikia ilikatika. Machi 2024 walichapisha ripoti ya wazi kueleza kilichotokea na walichojifunza. Isome yote.

Sasa utafiti wako. Nakuomba sana usifanye hojaji nyingine ya "mtazamo wa wanafunzi kuhusu matumizi ya akili mnemba". Najua ndiyo rahisi: maswali 20, viwango vya kukubali na kukataa, asilimia, mapendekezo. Fani yetu imejaa hizo, na udhaifu wake ni mmoja: zinapima watu wanachosema wanafanya. Yule mwanafunzi wangu wa marejeo 14, ungempa hojaji, angejibu kwa moyo safi kwamba huthibitisha vyanzo vyake. Aliamini hivyo.

Pima kilichoachwa kwenye karatasi. Chukua tasnifu zilizowekwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo kabla ya Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka, na zilizowekwa baadaye, idara ileile. Chagua marejeo kwa nasibu kutoka kila moja, uyakague moja baada ya jingine. Ni kazi ya kuchosha lakini inajibika, na hata ukikuta hakuna tofauti, hilo nalo ni tokeo la maana. Kumbuka makosa ya marejeo yalikuwepo kabla ya mashine yoyote: mwaka uliokosewa, jina lililogeuzwa. Kwa hiyo tenganisha marejeo yenye kosa na marejeo yasiyokuwepo, tangu mwanzo, kabla hujagusa la kwanza. Usipofanya hivyo matokeo yako hayatakuwa na thamani. Na majina ya wanafunzi yasionekane popote.

Kama unapenda uorodheshaji zaidi, kuna njia nyingine. Ipe mashine vitabu 100 ikupendekezee vichwa vya mada, kisha linganisha na alivyofanya mkutubi mzoefu. Vipimo vinajulikana sana tangu majaribio ya mkutubi Cyril Cleverdon kule Cranfield, Uingereza, miaka ya 1960: ukamilifu, yaani katika vyote vilivyofaa umepata vingapi, na usahihi, yaani katika ulivyopata vingapi vinafaa. Ila usihesabu tu vichwa vinavyolingana. Waweke watu wakitafute kitabu kwa kutumia rekodi za kila upande uone nani anakipata.

Wakati unasubiri kibali cha utafiti, jifunze programu tatu: Zotero ya kutunza marejeo, OpenRefine ya kusafisha data chafu, na Koha, mfumo huria wa maktaba uliozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Zote ni bure. Python kidogo, lugha ya kuandikia programu, itakusaidia kukagua DOI nyingi kwa mkupuo, lakini usianze nayo. Kagua 30 za kwanza kwa mkono, ujue kosa lina sura ngapi.

Na ukitaka kuchapisha matokeo, mtu akikuandikia barua pepe ya kukusifu na kuahidi kutoa makala yako ndani ya siku 5 kwa malipo, usimjibu. Angalia kama jarida lake lipo kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure, inayotunzwa tangu 2003, kisha fungua makala mbili tatu za jarida hilo uzisome mwenyewe.

Fomu ninayokagulia marejeo ina safu sita: DOI inafunguka au la, inapofunguka ni makala ileile au nyingine, juzuu na kurasa vinalingana, mwandishi ana kazi nyingine katika mada hiyo, makala nimeifungua na kuisoma mahali panapohusika, na kinachosemwa pale kinaunga mkono sentensi iliyokitaja. Safu ya sita ndiyo inayokula muda, panga dakika 20 kwa kila rejeo. Leta hapa pendekezo lako likiwa na ukurasa mmoja au miwili, nitalisoma lote na kukuandikia maoni.