Kozi ya ufundi gerezani: ulizia kwanza cheti kinatolewa na nani

Mkuu umesema mdogo wako amebakiza kama mwaka atoke, ndani wamempa achague ushonaji, useremala au kuchomelea, na unataka kujua kama kweli mtu anapata kazi uraiani kwa kozi hizo au ni kumpotezea muda tu. Mimi nimepita humo, kuchomelea nilijifunzia ndani na mpaka leo ndio kunanilisha, siku hizi nasimamia vijana karakanani, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Inasaidia, tena sana, ila kwanza ajue kama anapewa mafunzo kweli au anawekwa kwenye uzalishaji tu. Mtu anakaa kwenye cherehani mwaka mzima anaunga mikono ya sare, hajawahi kukata kitambaa, hajawahi kumpima mtu, akitoka anaambiwa wewe ni fundi nguo, fundi gani sasa jamani? Hili linaniuma kwa sababu lina kanuni kabisa. Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za 2015, namba 99 inasema kazi za gerezani zifanane kadiri inavyowezekana na za nje, na mafunzo ya mfungwa yasikae nyuma ya faida ya kiwanda cha gereza. Kwa hiyo akiomba azungushwe hatua zote za kazi haombi upendeleo.

Kwenye kuchomelea ndio naweza kukuelezea vizuri. Sisi ndani tulikuwa tunachomelea vitanda na mageti, chuma kimelala mezani kila siku, ukizoea hapo unajiona umeiva. Uraiani msimamizi hana muda wa maneno, anakupa vipande viwili anakwambia unga hapa, kwanza wima halafu juu ya kichwa, chuma kilichoyeyuka kinataka kukudondokea na rodi inaganda, ukimaliza anagonga ganda anaangalia vitundu, na wengine wanakipinda kabisa kile kipande waone kiungo kinapasuka au hakipasuki. Mwambie mdogo wako amsumbue mwalimu amfundishe mikao yote hata kwa vyuma chakavu. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja mfungwa mwenzangu aliyekuwa fundi kabla ya kifungo, namwombea mpaka leo.

Halafu cheti, hapa wengi wanaumia. Aulize kimesainiwa na nani. Kama kina nembo ya gereza tu, mwajiri anaona jela kabla hajaona ufundi. Kinachotakiwa ni kufanya mtihani uleule wa mamlaka ya ufundi wanaofanya watu wa nje, na cheti kiwe kilekile. Usidhani natia chumvi kuhusu rekodi, mtafiti wa jamii Devah Pager alichapisha utafiti wake Marekani 2003, vijana wenye sifa zinazolingana walitumwa kuomba kazi, wazungu wasio na rekodi ya jela waliitwa tena asilimia 34 na wenye rekodi 17, weusi wasio na rekodi 14 na wenye rekodi 5. Upande wa pili, RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walikusanya tafiti nyingi 2013 wakaona waliosoma ufundi gerezani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira kwa asilimia 28 kuliko ambao hawakusoma, kwa hiyo sio kupoteza muda hata kidogo.

Ajizoeze pia kujibu akiulizwa ile miaka alikuwa wapi. Asidanganye, maana ikigundulika baadaye anafukuzwa hata kama mkono wake ni mzuri. Mimi nilikuwa nasema nilifungwa, nimemaliza kifungo changu, nikiwa ndani nimejifunza hiki na cheti ni hiki, naomba unijaribu kwa kazi. Basi, narudi kwenye kazi, sianzi kusimulia kesi. Wapo waliokataa palepale, ila mmoja alinipa rodi nikajaribu.

Wewe kama ndugu kazi yako kubwa ni kabla hajatoka, vitambulisho vyake viwe tayari, na kama una uwezo mtafutie vifaa vya mwanzo, kofia ya kuchomelea, glavu na grainda, hata za mitumba. Akitoka mikono mitupu huku anasubiri mtu amwazime vifaa, wale marafiki wa zamani wanamfikia kwanza.

Kwenye hayo matatu mimi ningechagua kuchomelea au useremala, ila kama mtihani wa nje upo kwenye ushonaji peke yake basi achukue ushonaji. Akishakujibu kuhusu cheti rudi useme hapa, na kama ni kuchomelea nitakuandikia mazoezi ya kuanza nayo.