Barua kwa mwanangu: anza hesabu na Februari

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Kishapu. Sisi hatujambo. Mgongo wa baba yako umepata nafuu na ameshaanza tena kwenda kuangalia ng'ombe. Hofu ni kwenu, wewe, mkwe wangu na wajukuu zangu.

Ujumbe wako niliusoma, nikamsomea na baba yako. Unasema mmepata ekari mbili huko Chamwino, na mnataka kula cha kwenu mwaka mzima, si kila jioni kwenda gengeni. Ukaniuliza, "Mama, nianze kupanda nini?" Nitakujibu, ila nitaanzia mwisho. Kupanda unakujua, umekulia shambani. Kinachowashinda watu wengi ni Februari.

Huko kwenu, kama huku kwetu, mvua ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba mwishoni au Desemba, Aprili inakatika. Mwezi wa sita kila nyumba imeshiba na nafaka inauzwa kwa bei ya kutupa. Ikifika Februari shamba ni la kijani tupu, ghalani wanabaki panya, gulioni debe limepanda bei, na ndio wakati wa palizi. Kwa hiyo kabla hujanunua mbegu, kaa na mwenzio mwandike mtakula nini Februari na Machi. Na chakula cha miezi hiyo huwekwa Juni na Julai, wakati watu wanapumzika na kucheza ngoma.

Tuanze na unga. Mimi huhesabu gunia moja la kilo 100, yaani debe sita, kwa mtu mzima kwa mwaka, na nusu yake kwa mtoto. Ninyi na watoto watatu ni gunia tatu na nusu. Weka tano, kwa sababu wageni hawakosekani na mwaka mbaya haupigi hodi. Mahindi usiyategemee sana huko. Mvua ikikata katikati ya Januari, mtama hukunja majani ukasubiri. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, basi tena. Tafuta Macia, ule mtama mfupi mweupe, unaiva mapema na unga wake watoto hawaukatai. Ukiiva usiuache shambani hata wiki moja, kwelea kwelea wa Dodoma unawasikia mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri kwenye kukausha. Nafaka usiianike juu ya ardhi tupu. Tandika turubai, au iweke kwenye chanja. Unakumbuka mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu huko huko Dodoma na Manyara. Sumu ile hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizopata unyevu, na ukiipika haitoki. Karanga iliyosinyaa au yenye ukungu usiitie kwenye mboga wala usiwape kuku. Itupe, nafsi isikuume.

Kujua kama nafaka imekauka, wengi huuma kwa jino. Kuna njia bora zaidi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia nafaka kama theluthi, ongeza kijiko cha chumvi uliyoianika juani, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, nafaka bado ina maji, irudishe juani. Ikianguka yote chini, weka ghalani.

Ghalani adui ni wadudu. Miaka ya themanini mwanzoni dumuzi alionekana nchini kwa mara ya kwanza, huko Tabora, watu wakampa jina la lori, Scania. Alisaga mahindi na muhogo mkavu mpaka ukabaki unga mtupu. Bibi yako alikuwa akichanganya nafaka na majivu, na kwa fukusi wa zamani ilisaidia. Kwa dumuzi majivu hayatoshi. Siku hizi nunua mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Jaza, kamua hewa yote kwa mikono, funga nailoni ya kwanza, kisha ya pili, kisha kiroba. Mdudu aliyebaki ndani hukosa hewa akafa, na huhitaji kutia dawa yoyote kwenye chakula cha wanao. Bei yake iko juu kuliko kiroba cha kawaida, lakini nailoni isipotoboka unaitumia misimu zaidi ya mmoja. Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, maana panya akitoboa tundu moja kazi imeharibika. Wala usiifungue kila wiki kuchungulia. Tenga mmoja wa kula, mingine iache.

Ila unga peke yake hautoshi kuwafikisha Machi, na hapa ndipo nataka uwashinde jirani zako. Panda viazi vitamu kwenye matuta, robo ekari tu. Vikikomaa, gawa mafungu mawili. Fungu moja menya, kata vipande vyembamba vikiwa vibichi, anika: hiyo ni michembe. La pili chemsha kwanza, menya, kata, anika: hayo ni matobolwa. Huku tunaanika juu ya majabali kwa kuwa jiwe huhifadhi joto, na huko Dodoma majabali hayawapi shida. Geuza vipande mara mbili kwa siku, jioni vianue umande usivikute. Mchembe uliokauka ukiuvunja unalia "ta!" na ndani ni mweupe kavu. Ukipinda bila kuvunjika, ukauweka hivyohivyo, baada ya wiki chache gunia zima litanuka. Matobolwa yenyewe hugeuka rangi ya asali na kuwa magumu, watoto wanayatafuna wakienda shule. Michembe unaichemsha Februari na karanga zilizotwangwa, na hapo hata mwenye wali hakutishi.

Na mbegu ya viazi usiisahau. Marando yakifa kiangazi, Desemba utaombaomba. Panda tuta moja karibu na karo, yale maji ya kuoshea vyombo yatayaweka hai.

Mboga utaanika vilevile. Majani ya kunde yachume machanga mwezi wa pili na wa tatu, yaoshe, yapitishe kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo, kisha anika kivulini penye upepo. Jua kali huua vitamini A. Wagogo wenyeji wako ni mabingwa wa mlenda wa kukausha, nenda kakae na mama mmoja jirani akufundishe, usione haya. Mlonge panda kwenye mpaka, hautaki maji mengi.

Kuku anza na matetea watano na jogoo mmoja. Usiwaongeze kabla hujawa na ratiba ya chanjo ya mdondo: tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kuku wote siku moja, na jirani zako nao wachanje. Mdondo hupenda kiangazi na ukiingia unafagia banda. Mayai siku 21 yanaanguliwa, kwa hiyo mtaji hurudi haraka ukiwalinda vifaranga na mwewe. Robo ekari nyingine weka alizeti, mafuta mtakamua mashineni na mashudu watakula kuku.

Chumvi, dagaa na sukari endelea kununua, wala si aibu. Baba yako anasema nikukumbushe alivyosimulia kuhusu 1974, walipopanga foleni kusubiri unga wa njano kutoka nje, ule wa Yanga. Kwao kulikuwa na ng'ombe wengi na ghala lilikuwa tupu.

Mbegu za kunde na karanga nimeshakufungashia, mfuko mmoja na michembe ya kuonja. Ukishapata msafiri anayepita Shinyanga niambie nimpelekee. Na unitumie picha ya hiyo sehemu mnayotaka kujenga ghala, nione upepo unaingilia upande gani.

Wasalimie wote,
Mama yako